Mamba Hana Dhambi: Tunaposema "Kadari", Tunamfariji Nani?



Ndugu zangu wasomaji, kuna neno ambalo sisi Waislamu hulitamka haraka sana: kadari. Mtu akigongwa na gari, kadari. Ukuta ukianguka kwa mvua, kadari. Mvuvi akichukuliwa na mamba, tunasema kadari, tunamwombea maghufira, kisha tunarudi kwenye vitabu vyetu. Neno lenyewe ni la haki. Kuamini kadari ni nguzo ya sita ya imani, na hakuna Muislamu wa kulipinga. Kwa hiyo siulizi kama kadari ipo. Ninauliza tunapolitamka neno hili tunamfariji nani, na tunamwachia huru nani.

Nimechagua mfano wa mvuvi na mnyama mkali kwa sababu uko karibu nasi. Takriban sehemu moja ya tano ya eneo la Malawi ni maji. Wengi wetu tunaosoma hapa Lilongwe na kurudi Dzaleka wakati wa likizo ni watoto na wajukuu wa watu wa Uvira, Fizi, Bujumbura na Rumonge, watu waliokula na kuishi kwa Ziwa Tanganyika. Usipa tunaoununua sokoni kwa kikombe umevuliwa na mtu aliyeingia majini usiku. Samaki yupo mezani kwetu kila wiki. Aliyemvua hatumfikirii.

Hukumu mbili baada ya swala

Mwezi Mei 2023, katika wilaya ya Nsanje, kusini kabisa mwa nchi, kiboko aliupiga mtumbwi uliokuwa ukivuka Mto Shire. Ndani yake walikuwamo watu 37 waliokuwa wakienda mashambani kwao. Mtoto wa mwaka mmoja alikufa, na taarifa za mwanzo zilisema watu 23 hawajulikani walipo. Miezi miwili tu kabla ya hapo, kimbunga Freddy kilikuwa kimepita kusini mwa Malawi na kuua mamia ya watu. Waliopanda mtumbwi ule walikuwa watu ambao tayari walikuwa wamepoteza mengi.

Tuliizungumza habari ile baada ya swala, tukiwa bado tumekaa kwenye mkeka, nami nikasikia hukumu mbili. Ndugu mmoja alisema: "Ni kadari, siku zao zilikuwa zimefika." Mwingine akasema: "Lakini na wao, kwa nini wapande mtumbwi mahali panapojulikana kuwa na viboko?" Ukizisikiliza juujuu, zinapingana. Ya kwanza inampa Mwenyezi Mungu jambo lote, ya pili inampa marehemu. Nilipozitafakari niliona zinafikia mahali pamoja: baada ya kila moja, hakuna mtu aliye hai anayebaki na la kuulizwa. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Wavuvi wawili

Mwaka jana darasa letu lilikwenda ziara ya masomo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyika, kaskazini mwa Malawi. Uwanda wa Nyika uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi unaona pumzi yako kama moshi. Katika vijito vyake na katika mabwawa ya Chelinda kuna samaki aitwaye trauti. Si wa asili ya Afrika. Aliletwa enzi za wakoloni, kwa sababu Waingereza walikuwa na hamu ya mchezo wa kuvua waliouzoea kwao. Hata Kenya ilikuwa hivyo: trauti walipandikizwa katika mito ya milima ya Aberdare mwanzoni mwa karne iliyopita, na mpaka leo anayekwenda kuwavua huko anajua kwamba nyati na tembo wanakunywa maji yale yale.

Asubuhi moja tuliwakuta wageni wawili wakivua kwenye bwawa, na fimbo zao ndefu na ndoano zilizofungwa manyoya kufanana na nzi. Kiongozi wao alikuwa anatembea ukingoni akitazama chini. Akasimama, akainua mkono. Kwenye tope palikuwa na nyayo za chui, mbichi, maji bado yanajaa ndani yake. Alipoinua macho alimwona mwenyewe ng'ambo ya bwawa, amelala kwenye nyasi, kichwa juu, anatutazama. Kiongozi hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini: kusanyeni mishipi, msikimbie, msimpe mgongo, turudi kwenye gari. Tukarudi hatua kwa hatua, nami moyo ukinidunda mpaka masikioni. Saa moja baadaye wageni wale walikuwa wanakunywa chai na kusimuliana kwa furaha. Kesho yake walivua bwawa jingine.

Siwalaumu. Walikuwa watu wa heshima, na kiongozi wao alifanya kazi yake vizuri. Ninachotaka tukihesabu ni vitu walivyokuwa navyo: mtu anayejua kusoma nyayo, gari, bwawa la pili, chakula kambini hata wasipopata samaki. Na juu ya yote, walikuwa na uhuru wa kutokwenda kabisa. Kuna jambo jingine la maumbile. Trauti hutaka maji ya baridi, na mamba hutaka maji ya joto, kwa hiyo pale juu mamba hayupo. Chambo, kambale na samaki wengine wanaolisha watu wa bondeni wanaishi katika maji ya joto yale yale anayoyapenda mamba. Samaki wa mchezo anakaa mbali na mamba, na samaki wa riziki anakaa naye nyumba moja.

Sasa mvuvi wa pili. Pale Dzaleka kuna mzee mmoja, jirani yetu, aliyevua Ziwa Tanganyika kabla ya vita kumtoa kwao. Watu wa upande ule wote wanamjua mamba mkubwa wa Mto Ruzizi aliyeitwa Gustave. Mfaransa mmoja, Patrice Faye, alitaka kumnasa, akamjengea mtego mkubwa wa chuma, na filamu ikatengenezwa. Mamba hakuingia. Duniani kote kuna watu wanaolijua jina la mamba yule. Majina ya waliouawa mtoni wanayajua jamaa zao tu.

Nilimuuliza mzee: "Babu, mlijua kwamba yupo, mbona mliendelea kuingia majini?" Alinyamaza kidogo, akanijibu: "Mjukuu wangu, tulijua kuliko hao waliokuja na kamera. Tulijua pale anapoota jua, tulijua saa zake. Siku alipomchukua mwenzetu, tulikaa matanga siku tatu. Siku ya nne nikaingia majini. Walikuwapo wengi wa kuniambia nisiingie. Hakukuwa na aliyeniambia watoto watakula nini."

Mgeni wa Nyika na mzee wa Ruzizi wote wawili wanaweza kusema "natawakali kwa Allah", na wote wawili wakawa wakweli. Lakini tukiwapima kwa mizani moja ya tahadhari tunakuwa tumedhulumu.

Mnyama hana hatia

Tuanze na yule ambaye kila mtu humrukia kwanza, mnyama. Qur'ani inatufundisha kwamba wanyama watembeao ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu (Al-An'aam: 38). Na katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba jeraha la mnyama halina dai juu ya mnyama. Hana akili ya kukalifishwa, hafunguliwi mashtaka. Ruhusa ya kujitetea ipo, na akikushambulia ukamuua huna dhambi. Lakini kumwaga sumu mtoni ili kulipiza kisasi, au kuwaua watoto wa mamba kwa hasira ya msiba, hakurudishi haki ya mtu yeyote. Kiboko wa Nsanje hakufanya uovu. Alifanya ukiboko wake.

Basi mnyama tumemtoa. Aliyekufa je? Na hapa ndugu yangu wa hukumu ya pili ana hoja, tena yenye ushahidi. Zipo hadithi zinazomuonya anayelala juu ya paa lisilo na ukingo, na anayepanda chombo wakati bahari imechafuka, kwamba anajitoa mwenyewe katika dhima ya ulinzi. Na Qur'ani inatukataza tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizi (Al-Baqara: 195). Mbona basi tusiseme kwamba anayeingia kwenye maji ya mamba amejitupa?

Jibu langu ni kwamba makatazo haya yanamsemesha mwenye hiari. Anayelala kwenye paa lisilo na ukingo angeweza kulala chini. Aliyepanda chombo siku ya dhoruba angeweza kungoja kesho. Sheria yetu haimsemeshi aliyebanwa kama inavyomsemesha aliye huru. Katika sura hiyo hiyo ya Al-Baqara, aya ya 173, aliyelazimika kwa njaa, pasipo kutamani wala kuvuka mipaka, ameondolewa dhambi hata kwa nyamafu. Kama njaa inaweza kuhalalisha mzoga, haiwezi kumpa udhuru mtu wa mtumbwi? Tena aliyekufa maji, kwa hadithi sahihi, anahesabiwa miongoni mwa mashahidi, na katika mapokezi mengine ametajwa pia aliyeliwa na wanyama wakali. Dini inayompa marehemu daraja hiyo haiwezi kutupa ruhusa ya kumwita mzembe kabla hatujauliza alikuwa na njia gani nyingine.

Sisemi mvuvi hana wajibu. Mwenye kujua kwamba mamba huwinda zaidi jioni na usiku, naye anaweza kuvua mchana, avue mchana. Anayeweza kusimama kwenye jiwe asisimame ndani ya maji. Yule bedui aliyeuliza juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha atawakali, na kila mtu amfunge ngamia wake kwa kamba aliyo nayo. Lakini huwezi kumlaumu mtu kwa kutofunga ngamia ukiwa wewe ndiye uliyeishika kamba.

Umar na mabonde mawili

Kuna kisa ambacho wengi wetu tumekisikia darasani, lakini tunakisoma nusu. Umar bin al-Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham pamoja na watu wake, akapata habari ya tauni. Akashauriana na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Akatoa mfano wa mtu mwenye ngamia anayeshuka katika bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kame. Akilisha upande wa majani ni kwa kadari ya Allah, na akilisha upande mkame ni kwa kadari ya Allah.

Nusu tunayoisoma ni ile inayosema kwamba tahadhari haipingani na imani. Ni kweli. Nusu tunayoiacha ni kwamba aliyesema maneno yale alikuwa kiongozi, na uamuzi wake ulikuwa juu ya watu wengine. Umar alikuwa na uwezo wa kuwaongoza watu upande wenye majani, akaona kwamba uwezo ule ni dhamana. Na inasimuliwa kutoka kwake kwamba aliogopa kuulizwa na Allah hata juu ya mnyama atakayejikwaa Iraq, kwa nini hakumsawazishia njia. Umar hakusema kwamba kujikwaa kwa mnyama ni kadari kisha akalala.

Hapo ndipo ninapoona mpaka. Kadari ni neno la baada ya msiba, na haki yake ya kwanza ni ya mfiwa. Mama wa Nsanje akisema "Allah ametoa, Allah ametwaa," amesema neno la subira, na malipo yake yako kwa Mola wake. Neno hilo hilo likisemwa na mwenye bajeti, mwenye ofisi, mwenye elimu, au mwenye pesa ya boti, kabla hajafanya aliloweza, linageuka pazia la kujifichia.

Nani aulizwe?

Mtume (S.A.W.) aliletewa shauri la ngamia aliyeingia bustani ya watu akaiharibu. Hukumu yake ilikuwa kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na wenye mifugo wailinde mifugo yao usiku. Tazama uadilifu huo. Mnyama hakuhukumiwa, na wanadamu waligawiwa jukumu, kila mmoja kwa saa ambayo anaweza.

Wanyama pori nao, kwa sheria za nchi zetu, hawako bila mwenyewe. Wako chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi. Kenya, kwa sheria yake ya wanyamapori ya mwaka 2013, iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo. Tanzania inatoa malipo ambayo jina lake lenyewe ni Kiswahili cha huruma: kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa, kifuta jasho kwa aliyeharibiwa shamba. Mtu anaweza kubishana kuhusu kiasi, na wengi hulalamika kwamba hukawia. Lakini nchi iliyoandika neno "kifuta machozi" katika kanuni zake imekubali kwamba yapo machozi, na kwamba yupo wa kuyafuta. Hapa Malawi mjadala wa fidia bado unaendelea.

Wakati mwingine mkono wa mwanadamu unaonekana wazi kabisa. Mwaka 2022, mwezi Juni na Julai, tembo 263 walihamishwa kutoka Hifadhi ya Liwonde kwenda Hifadhi ya Kasungu. Nia ilikuwa njema, Liwonde ilikuwa imejaa na Kasungu ilikuwa imebaki na wachache. Tangu hapo vijiji vya pembezoni, upande wa Malawi na upande wa Zambia, vimeomboleza watu waliouawa na tembo. Tembo wale hawakuja kwa miguu yao. Walipakiwa kwenye malori, kwa mipango, kwa mikutano, kwa sahihi. Kila kilichotokea kimo katika elimu ya Allah, hatulikani hilo. Lakini wenye kutia sahihi hawawezi kuliweka neno kadari pale panapotakiwa uzio.

Na mara nyingi kinachotakiwa si kitu kikubwa. Kando ya Mto Zambezi, ambako Shire inamwaga maji yake, yapo maeneo ambako watu huchomeka miti ndani ya maji na kuzungusha uzio mdogo pale wanawake wanapochota, mamba asipite. Kisima kikichimbwa kijijini, ndoo hazishuki mtoni alfajiri. Boti imara inayoendeshwa na mtu anayejua walipo viboko ni salama kuliko mtumbwi wa gogo uliojazwa watu. Mambo haya ni ya kamba za ngamia, na kamba hizo hazishikwi na mvuvi peke yake.

Sisi je?

Ndugu zangu, ni rahisi kuishia kwa kuilaumu serikali, kisha tukaenda chakula cha jioni. Sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu. Miongoni mwetu wapo wa uhandisi, wa sheria, wa udaktari, wa uvuvi na mazingira. Miaka michache ijayo baadhi yetu ndio tutakaokaa mezani kuamua kisima kichimbwe wapi na kivuko kipewe boti gani. Siku hiyo mtu atatuletea faili lenye vifo vya mtoni, na ulimi utakuwa mwepesi kusema "kadari". Tujizoeze tangu sasa kuuliza kwanza: je, yule mtu alikuwa na bonde la pili? Kama hakuwa nalo, nani alikuwa na uwezo wa kumwonyesha?

Hata leo tuna kipimo kidogo. Tunapokusanya sadaka ya Ijumaa, tunaweza kutenga fungu la kisima katika kijiji cha mtoni, kama tunavyotenga fungu la futari. Tunapokwenda kuhani msiba Dzaleka au kwingineko, tusimuulize mfiwa kwa nini marehemu aliingia majini. Tukae naye, tumsomee, tumwachie yeye neno la kadari alitamke kwa wakati wake. Sisi tubaki na swali la kamba.

Ewe Mola wetu, warehemu waliokufa majini wakitafuta riziki ya watoto wao, uwaandikie daraja ya mashahidi. Wape subira waliobaki. Na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaosawazisha njia kabla ya kuulizwa. Aamin.

Wallaahu a'lam.